Je, wajua? Kwenye boti tripodi ndiyo inayosheki picha

Ukiangalia watu wanaopanda boti kwenda kupiga picha za ndege wa majini kama mwari na mnandi, mara nyingi utamkuta mmoja kabeba tripodi, tena ile nzito ya hela nyingi. Kaisimamisha katikati ya boti, miguu yote mitatu imekanyaga sakafu, lenzi ya 500mm, ile ndefu ya kuvuta vitu vya mbali, juu yake, kila kitu kimekazwa. Baadaye wakifungua picha kwenye kompyuta, za kwake ndo zimesheki kuliko za jirani yake aliyeshika kamera mkononi tu. Inakuwaje?

Wengi wataanza kulaumu tripodi yenyewe, eti nyepesi, anunue nzito zaidi, au aifunge na kamba isicheze kabisa. Hapo ndo tatizo linazidi, maana tripodi haina kazi ya kutuliza kamera. Kazi yake ni kuiunganisha kamera na chochote kilicho chini. Nchi kavu kilicho chini ni ardhi, na ardhi imetulia, kwa hiyo miaka yote tunaipa tripodi sifa ambazo kwa kweli ni za ardhi. Ukiipeleka kwenye boti inaendelea kufanya kazi ileile kwa uaminifu mkubwa tu, ila sasa inaiunganisha kamera na boti, na kadiri ilivyo ngumu na imara ndivyo inavyopitisha kila kitu bila kupunguza. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika hiyo ni mara 25 kila sekunde, na mtetemo huo unapanda miguu ya tripodi moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Ukizima injini mtetemo unaisha, sawa, lakini mawimbi bado yanaiyumbisha boti, na lenzi inayumba nayo kwa kipimo kilekile.

Sasa mkono unafanya nini cha ajabu? Chukulia uko kwenye basi linalorukaruka na una kikombe cha chai kimejaa. Ukikiweka juu ya dashibodi kila shimo la barabara linafika kwenye chai. Ukikishika mkononi kiwiko kikiwa hewani, chai inabaki, kwa sababu goti, bega na kiwiko vinakunjika kidogo na kumeza yale marusho ya harakaharaka, na ile yumbayumba ya polepole unaisahihisha kwa macho bila hata kuwaza. Ila jaribu kuegemeza kiwiko dirishani, chai inamwagika tena, japo mkono ni uleule. Kamera ndo hiyo chai. Ndo maana wazoefu wa boti hawaegemezi lenzi wala viwiko kwenye ukingo, hata mikono ikichoka.

Kwa namba inatisha zaidi. Lenzi ya 500mm kwenye kamera ya fulufremu (yenye sensa kubwa, saizi ya filamu ya zamani ya 35mm) inaona kama digrii 4 tu za upana, na kama picha ina pikseli 6,000 kwa upana basi kila digrii moja ni pikseli 1,450 hivi. Boti ikilala kwa kasi ya digrii 5 kwa sekunde, ambayo wewe uliyekaa humo hata huioni kuwa kitu, na kamera ikaifuata, kwa spidi ya shata ya 1/500, yaani shata inafunguka kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, picha inaburuzika karibu pikseli 15. Mwili ukipunguza hiyo kasi ikabaki digrii moja, mburuzo unakuwa pikseli 3, na ukipanda hadi 1/2000 haufiki hata pikseli moja. Tofauti inaonekana kwenye jicho la ndege, lililokuwa jicho linakuwa doa.

Na stabilaiza ya lenzi, ile mashine ya ndani inayotuliza picha? Canon walitoa ya kwanza kwa lenzi za kubadilisha mwaka 1995, na inasaidia kweli, lakini kwanza kabisa ni dawa ya mtetemeko wa mikono, ambao unaenda mara 8 hadi 12 hivi kwa sekunde. Boti inachukua sekunde kadhaa kulala na kurudi, na mwendo wa polepole namna hiyo stabilaiza inaweza kuuchukulia kwamba ni wewe unageuza kamera kwa makusudi, ikauacha upite. Inategemea kamera na modi lakini, Nikon kwa mfano wana modi ya Active kwa ajili ya kupiga ukiwa kwenye chombo kinachotembea. Na mabawa ya mdiria anayepigapiga hewani hayahusiani nayo kabisa, hayo ni kazi ya spidi ya shata peke yake. Spidi yenyewe ina gharama, kutoka 1/500 kwenda 1/2000 mwanga unaoingia unapungua, kwa hiyo ISO (kipimo cha kamera kuongeza nguvu ya mwanga) ya 400 inakuwa 1600, chenga, yaani vile vidotidoti kwenye picha, zinaongezeka, ila chenga zinasafishika na mburuzo ni mgumu sana kuuondoa.

Kuna kitu kimoja boti inakupa bure. Ikifika mwisho wa kulalia upande, kabla haijaanza kurudi, kasi yake inashuka hadi sifuri kwa kitambo kidogo sana, halafu katikati ya safari ndo inakimbia zaidi. Ukipiga mfululizo, fremu 10 kwa sekunde, zingine zinaangukia hapo mwishoni. Kwa hiyo unaweza kuwa na msururu wa picha za mnandi huyohuyo kwenye kisiki hichohicho, setingi hazijaguswa, na fremu mbili tatu zilizoangukia pale boti ilipotulia ndo kali kama wembe huku za kabla na za baada zote zimeburuzika.