Mzee Asiyeweza Kusema "Hapa Panauma"

Miezi hii ofisi yetu hapa Mwanza imepokea malalamiko yanayofanana: ndugu wanafika kwenye kituo cha kutunzia wazee kumsalimia mzee wao mwenye demensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu, wanamkuta amelazwa usingizi kwa dawa, wanaambiwa alikuwa msumbufu. Wana haki ya kuuliza.

Mzee aliyeogeshwa jana bila shida, leo akapiga kelele, akamsukuma mhudumu na kukataa uji, achunguzwe maumivu kwanza. Huenda ni goti, jino bovu, kidonda cha mgongoni, mkojo uliokwama au choo cha siku nne. Dawa ya usingizi itamnyamazisha, jino litabaki palepale. Norway, utafiti uliochapishwa 2011 kutoka makao 18 ya wazee ulionyesha kuwa kutibu maumivu kwa utaratibu kulipunguza fujo hizo ndani ya wiki 8. Wengi walipewa parasetamo tu.

Tunawafundisha wahudumu PAINAD, kipimo cha maumivu kwa mwenye demensia asiyeweza kujieleza, kilichotolewa 2003. Hutazamwa mambo 5: pumzi, sauti, uso, mwili, na kama mzee anabembelezeka. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2, jumla haizidi 10. Mwangalie dakika 5 akiwa ametulia, kisha tena akigeuzwa au kuinuliwa, kwa kuwa nyonga iliyovunjika inaweza isilalamike kitandani. Andika saa, alama, jina na sahihi. Rudia saa moja baada ya kumpa dawa ya maumivu. Fomu isiyo na saa tunairudisha. Fomu iliyojazwa ofisini bila kumwona mzee ni suala la nidhamu. Alama hizo si hukumu lakini, maana hofu na njaa nazo hukunja uso.

Na hili la "akili imeshaondoka, hasikii kitu" tuliache jamani. Kilichopotea ni kumbukumbu na maneno, maumivu yapo. Wala hajalogwa. Anayeweza kujibu aulizwe, kwa Kisukuma au Kikerewe kama ndiyo lugha aliyokulia. Gusa goti umuulize kama panauma sasa hivi, usimuulize usiku alilalaje.

Ndugu, msimpe mzee diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ya dukani kwa siri. Inaumiza tumbo na figo za mzee. Mwambieni muuguzi mnayoyajua. Aliyevuta nyavu Ukerewe miaka 40 bega lake lina habari ndefu, na anayeijua ni mwanawe. Iandikwe kwenye faili siku anapopokelewa.