Bumba la nyuki kwenye mwembe halijakuvamia

Nafuga nyuki hapa Mombasa, na simu ninayopigiwa huwa ni ileile. Nyuki wamevamia, wamejaa kwenye mwembe, watoto hawawezi kutoka nje, na kuna kijana keshatumwa na kichupa kununua petroli. Wiki hii ilikuwa Kisauni. Kabla yake Likoni, na kabla ya hapo Tudor. Nimechoka kulieleza jambo hili huku mtu akinikatiza, basi naliandika.

Bumba lililotua tawini limo safarini. Mahali fulani, pengine kwenye pango la mbuyu, pengine kwenye dari ya jirani yako, nyuki wamejaa hadi hawana pa kupitana. Malkia mkongwe ameondoka na sehemu kubwa ya vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, na nyumba ya zamani wameachiwa malkia wachanga ambao hata hawajatoka kwenye seli zao. Kabla ya kuruka, kila nyuki hujaza tumbo asali. Wakitua, wengi hutulia palepale wakimzunguka malkia, na wapelelezi wachache huzunguka mtaa kutafuta tundu: sanduku la mita ya maji, dari ya jipsamu, tangi lililopasuka, spika mbovu iliyotupwa uani. Aliyepata hurudi akacheza juu ya migongo ya wenziwe. Pembe ya mchezo inaeleza upande, na muda wa kutikisa tumbo unaeleza umbali. Karl von Frisch, mwanasayansi aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1973, ndiye aliyeusoma mchezo huo kwa nyuki wanaotafuta chakula. Mwanafunzi wake, Martin Lindauer, akaonyesha kuwa bumba nalo huutumia kuchagua nyumba. Wapelelezi hushindana, mahali hafifu hupoteza wafuasi, hadi wakubaliane. Huweza kuchukua saa chache, huweza kuchukua siku mbili tatu. Kisha wanaondoka wenyewe, bila petroli ya mtu.

Nyuki aliye katika hali hiyo hana masega ya kulinda, hana majana, yaani mayai na watoto wa nyuki, na asali yake yote imo tumboni. Hana cha kukupigania. Petroli ndiyo inayompa sababu. Nyuki akiuma au akipondwa hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na harufu hiyo huwaita wenzake kushambulia. Ukiliwasha moto bumba, sehemu itaanguka na sehemu itaruka, na hiyo iliyoruka ndiyo itakayomkuta mama anayeanua nguo nyumba ya tatu. Wakishafikia hapo, kimbilia ndani ya nyumba au gari, ufunge. Usisimame kupunga mikono. Mwiba ukwangue kwa ukucha mara moja, na mtu akianza kuvimba midomo au kukosa pumzi, apelekwe hospitali bila kungoja.

Kuna kundi la pili la watu, nao wananiudhi zaidi kwa sababu wameelewa nusu. Wametazama video za Ulaya na Marekani, wakaona mtu aliyevaa fulana anachota nyuki kwa mikono mitupu, wakahitimisha kuwa bumba haliumi. Nyuki wa pwani yetu, ambaye wataalamu humwita Apis mellifera litorea, si yule wa kwenye video. Tena mabumba hayafanani. Lile nililoeleza hapo juu ni la kuzaana: limetoka kwenye shibe. Lakini nyuki wetu wana tabia nyingine ambayo vitabu vya Ulaya huigusa kwa mstari mmoja. Wanahama. Kundi zima linaondoka, malkia na vibarua wote, mzinga unabaki mtupu. Huhama kwa njaa, kwa kiu, kwa joto, kwa siafu, kwa moto wa shamba, au kwa mfugaji anayefunguafungua mzinga kila Jumamosi kuangalia asali imefika wapi. Kundi lililohama kwa njaa huenda mbali, hutua hapa likaondoka, likatua kule, na kadiri tumbo linavyokauka ndivyo subira inavyopungua. Hilo likitikiswa, linauma.

Utajuaje ni lipi? Vitabu vinasema bumba la kuzaana hutokea baada ya mvua, maua yakiwa mengi. Hapa Mombasa minazi huchanua mwaka mzima, mikoko ya Tudor na Port Reitz nayo ina zamu zake, na mimi nimeona mabumba miezi ambayo kitabu hakikuyataraji. Naangalia ukubwa, naangalia kama nyuki wametulia wakishikana au wanaparamia huku na huko, naangalia kama kuna wanaocheza juu. Hata hivyo, kusema kweli, mara nyingi nikiwa chini ya mti bado sina hakika. Ndiyo maana navaa suti ya kufugia nyuki na kuwasha bomba la moshi wa kuwatuliza kila mara, hata kwa bumba dogo.

Kama bumba liko juu na halizuii mtu njia, liache. Watoe watoto, zuia mawe, ngoja. Likiingia darini, mwite mtu anayefuga nyuki mapema, siku za kwanza, kabla hawajajenga. Msikimbilie wapuliza dawa. Nimeitwa kwenye nyumba iliyopuliziwa: nyuki wamekufa ndani, hakuna wa kupepea masega, na kwa joto la Mombasa nta imelegea, asali inadondoka ukutani, nondo wa nta na sungusungu wameingia, na nyuki wa kwingine wanakuja kuiba asali yenye sumu. Mwenye nyumba alilipa dawa, kisha akalipa fundi wa dari.

Ukitaka kulikamata, ngoja jioni. Andaa mzinga uliopakwa nta ya zamani na kusuguliwa mchaichai, maana harufu yake inakaribiana na ile ya nyuki wanaoitana kuingia nyumbani. Tikisa tawi mara moja, kwa nguvu, nyuki waangukie ndani; kutikisa kidogokidogo ni kuwachokoza. Kisha tazama mlangoni. Vibarua wakisimama wameinua mikia juu na kupepea mabawa, malkia yumo, na waliobaki wataingia kwa miguu yao. Kama wanatoka kurudi tawini, malkia umemwacha juu. Hamisha mzinga usiku, uweke kivulini penye maji karibu, na uwe mbali na nyumba za watu. Ukiwa na mzinga mwingine, toa pao moja, yaani ubao unaobeba sega, lenye majana machanga uwape. Ni vigumu zaidi kwa nyuki kuacha majana kuliko kuacha sanduku tupu. Hata hivyo kundi lililohama linaweza kukuondokea, na sijui mfugaji wa kweli anayeweza kukuhakikishia kwamba halitaondoka.

Na wewe ambaye bumba limetoka kwenye mzinga wako, usinipigie ukilia kwamba nyuki wamekukimbia kabla hujatazama ndani. Masega makavu, hakuna majana: wamehama kwa njaa. Majana na chakula vimeachwa: wamefukuzwa na kitu, tafuta siafu. Nyuki bado wapo, pungufu, na chini ya sega zinaning'inia seli za malkia kama karanga zenye maganda: wamezaana, na mzinga wako ni mzima. Seli iliyofunguka ncha kwa duara safi, malkia ametoka. Iliyotobolewa ubavuni, mwenziwe amemuua. Vitabu vinashauri kuzikata seli hizo mapema ili kuzuia bumba. Sijashawishika kwamba inafaa kwa nyuki wetu. Wanajenga nyingine, na kufungua mzinga mara kwa mara kunawasukuma kuhama.

Funga, uwaache wiki tatu. Malkia mpya anahitaji muda wa kukomaa, kuruka kupandana na madume, na kuanza kutaga. Ukifungua, tafuta yai moja limesimama katikati ya kitako cha kila tundu la sega. Ukiona mawili matatu kwenye tundu moja, usiamue haraka, kwani malkia mgeni naye hukosea mwanzoni. Yakiwa mengi na yamebandikwa ukutani, malkia alipotea angani: vibarua ndio wanaotaga, na mayai yao yatatoa madume tu. Wape pao lenye mayai kutoka mzinga mwingine, urudie wiki ijayo ukiona bado hawajajenga seli ya malkia.