Vyombo vya mapambo vya shaba na chuma: dhana potofu na ukweli

"Fundi hugonga tu mpaka umbo litoke."

La. Shaba nyekundu huwa ngumu kadiri inavyogongwa. Bamba la unene wa milimita moja likishapigwa duru moja kutoka kitako hadi ukingoni, mlio wa nyundo huwa mkali na bamba huanza kuirudisha nyundo. Hapo halina budi kurudi motoni hadi lishike wekundu hafifu. Wekundu huo hauonekani juani, kwa hiyo fundi wa Kamukunji, soko la mafundi wa vyuma jijini Nairobi, anayefanya kazi nje hutafuta kivuli kwanza. Moto ukizidi, uso hutoka na vinundu kama ganda la chungwa.

Kisha bamba hutoswa majini. Wengi hudhani maji yatalifanya liwe gumu kama patasi ya feleji, lakini shaba hubaki laini, tayari kwa duru nyingine. Chombo kirefu hurudia safari hiyo mara nyingi, na bei yake ni halali kabisa. Anayeruka hatua ya moto hupasua ukingo, na ufa aghalabu huanzia palipobaki alama ya mkasi wa kukatia bamba; ndiyo maana ukingo hupigwa tupa kabla ya nyundo. Kabla hujalipa, pitisha kidole polepole ukingoni kote.

"Alama za nyundo ni ushahidi wa kazi ya mkono."

Mashine ya kubonyeza huzitoa pia. Zikijirudia kwa mpangilio uleule, si mkono.

"Rangi ya dhahabu ni brasi."

Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki. Ukienda kununua, nenda na sumaku. Ikinata, ndani ni chuma, si brasi. Isiponata, bado huenda ni alumini, basi kinyanyue: brasi ni nzito takriban mara tatu kwa ukubwa uleule.

"Bakuli zuri hufaa chakula."

Hapa tunasisitiza. Ukwaju, ndimu na siki huyeyusha shaba ikaingia kwenye chakula, isipokuwa ndani pamepakwa madini ya bati. Alumini iliyosubiwa, yaani kuyeyushwa na kumiminwa, kwa skrapu kama rejeta na vipuri vya injini, yaweza kubeba madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kwa macho huwezi kuiona. Weka humo ndizi au machungwa yenye maganda, si kachumbari.

"Chombo cha maua hakivuji, basi ni salama."

Cha chuma huliwa na kutu kwenye maungio ya ndani, mahali rangi haifiki vizuri. Tumbukiza gilasi ndani, maji yakae humo.

"Shaba ikipiga weusi imeharibika."

Huo ni utando wa juu tu. Ndimu na chumvi huuondoa, ila usivitumie kwenye chombo ambacho fundi amekipa rangi kwa dawa au kukipaka vanishi, maana utaiondoa kazi yake. Suuza kwa maji mengi, kwa sababu chumvi iliyobaki huzaa madoa ya kijani, kausha papo hapo, kisha paka nta ya nyuki kidogo kwa kitambaa.