Nani anapanga kizingiti? Eksirei ya kifua kikuu, akili mnemba na sheria

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za akili mnemba zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu kusoma picha za eksirei ya kifua katika uchunguzi wa kifua kikuu, kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Kwa nchi ambazo wataalamu wa mionzi wamejazana katika hospitali chache za mijini, faida yake haihitaji maelezo. Mimi ni mwanasheria wa masuala ya afya, na swali ninaloulizwa zaidi kuhusu programu hizi ni nani atashtakiwa kompyuta ikikosea. Ni swali halali, ila linaruka hatua moja iliyo muhimu kuliko zote.

Programu hizi hazisemi kwamba huyu ni mgonjwa na yule si mgonjwa. Hutoa alama, tuseme kati ya 0 na 100, inayoonyesha kiasi ambacho picha inafanana na picha za wenye kifua kikuu. Ni lazima mtu aamue kwamba kuanzia alama fulani mhusika atoe makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine ya maabara inayotambua vimelea vya kifua kikuu, na chini yake aruhusiwe kwenda nyumbani. Kizingiti kikishushwa, watu wengi wasio na ugonjwa watapelekwa maabara na katriji za mashine hiyo, ambazo kila kipimo hutumia moja, zitaisha kabla ya wakati. Kikipandishwa, baadhi ya wagonjwa watarudi kwao na kikohozi chao, wakaambukize wanaoishi nao. Anayechagua namba hiyo anagawa bajeti na hatari kati ya watu, na huo ni uamuzi wa kimaadili hata kama umefanyika kwenye ukurasa wa mipangilio ya programu. Shirika la Afya Duniani limeshauri kizingiti kipangwe kulingana na mazingira ya mahali husika. Kituo kinachoiacha namba kama ilivyotoka kwa mtengenezaji kimeshafanya uamuzi, ila hakuna aliyeutia saini.

Namba moja pia haiwatendei watu wote sawasawa. Utafiti uliofanyika Dhaka, Bangladesh, na kuchapishwa mwaka 2021 ulilinganisha programu tano za aina hii, ukaona kwamba zilifanya vibaya zaidi kwa wazee na kwa watu waliowahi kuugua kifua kikuu. Sababu mojawapo si ngumu kuelewa: kifua kikuu kilichopona huacha makovu kwenye mapafu, na makovu hayo huweza kuonekana kama ugonjwa mpya. Wafikirie basi wachimbaji wa madini, ambao vumbi la silika huwaongezea hatari ya kifua kikuu na wakati huohuo huweza kuacha makovu yake yenyewe. Isitoshe, toleo jipya la programu linaweza kubadili maana ya alama, kiasi kwamba 60 ya mwaka jana isiwe 60 ya mwaka huu.

Sheria zetu zimeligusa jambo hili kwa ncha ya kidole. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotokana na uchakataji wa kiotomatiki peke yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 nayo inazungumzia maamuzi ya namna hiyo. Ugumu uko kwenye maneno “peke yake”. Tabibu ambaye hakufundishwa kusoma eksirei, mwenye foleni inayofika nje ya mlango, akithibitisha kila jibu la kompyuta, je, hapo binadamu ameamua? Kwa maoni yangu hajaamua, kwa sababu hana uwezo wala nafasi ya kukataa, na mahakama isiridhike na sahihi yake.

Katika madai ya uzembe, kesi ya Uingereza ya Bolam ya mwaka 1957 humpima daktari kwa kuangalia kama alifuata utaratibu unaokubaliwa na wenzake wenye sifa. Kipimo hicho hakitusaidii sana pale ambapo utaratibu wenyewe ndio kwanza unazaliwa. Mtengenezaji naye kwa kawaida hujikinga kwa kifungu cha mkataba kinachopunguza dhima yake, mkataba ambao mgonjwa si sehemu yake. Ndiyo maana ninaona mzigo wa kwanza uwe kwa mwenye kituo au mpango wa taifa ulioagiza programu, maana yeye ndiye mwenye mamlaka ya kupanga kizingiti na kukipitia upya.

Ninapoombwa ushauri, ninasisitiza faili la kila aliyechunguzwa lioneshe alama aliyopata, kizingiti kilichotumika, toleo la programu na jina la aliyekiidhinisha. Kwa Tanzania, madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, muda unaotosha kabisa kwa programu iliyosoma picha ya mlalamikaji kubadilishwa na isibaki nakala yake ya kuifanyia majaribio.