Goti halijaisha mafuta, tuangalie seli zake

Kila Oktoba 12, Siku ya Athraitisi (magonjwa ya jointi) Duniani, tukiweka meza ya ushauri swali la kwanza ni lilelile: "Dokta, magoti yangu yameisha mafuta, nile bamia kiasi gani?" Jamani. Bamia ni mboga nzuri, kula, ila ule mlenda wake unameng'enywa tumboni kama chakula kingine, hauna njia ya kushuka mpaka gotini.

Ute wa jointi unatengenezwa humohumo ndani. Mfuko wa jointi una utando unaitwa sinovia, na uso wake wa ndani umepangwa seli safu moja hadi tatu tu. Ziko za aina mbili: makrofeji, hizi ndo wafagiaji, na fibroblasti, hizi zinatengeneza hayaluroni na lubrisini, yaani hayo mnayoita mafuta. Kwahiyo tukiletewa goti lililovimba sisi hatuulizi mafuta yamebaki kiasi gani, tunauliza hizi seli zimefanywa nini, maana magonjwa mawili ambayo mtaani yote mnaita baridi yabisi, yaani rumatoidi na kusagika kwa jointi, yanazifanyia vitu tofauti kabisa.

Kwenye rumatoidi kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe. Makrofeji zinamwaga kemikali za uchochezi kama TNF, fibroblasti nazo zinaongezeka na kugoma kufa kwa wakati wake, safu zinafika kumi na kupita, utando unanenepa halafu unaanza kutambaa juu ya gegedu, lile tabaka linalofunika ncha za mifupa, huku ukitoa vimeng'enya vya kulimega, na pembeni unachochea seli zinazokula mfupa. Na hizi fibroblasti zinabadilika tabia kwelikweli. Mwaka 1996 watafiti walizichukua kwa wagonjwa wa rumatoidi wakazipandikiza pamoja na kipande cha gegedu la binadamu kwenye panya wasio na kinga, na bado zikaingia kwenye gegedu zikalila, bila askari wa kinga wa kuzituma. Za wagonjwa wa kusagika hazikuwa na fujo hiyo.

Kusagika, yaani osteoathraitisi, kesi kubwa inaanzia kwenye gegedu: umri, uzito, jeraha la zamani, kurithi. Vipande vidogo vinamomonyoka vinaelea kwenye ute, makrofeji zinavimeza, zinachokozeka, utando unavimba. Ila unavimba kwa viraka, mara nyingi karibu na pale gegedu lilipoharibika, na safu zinaongezeka kidogo tu. Nasisitiza unavimba, kwasababu hata wenzetu wa afya wapo wanaosema kusagika hakuna uchochezi. Upo, ni mdogo.

Dalili mnazijua: rumatoidi hupenda vidole na viganja pande zote mbili, na asubuhi mkono unakaza hata saa nzima. Kusagika kunakaza dakika chache, kunauma zaidi ukitembea.

Sasa hili la kutolewa maji gotini, maana malalamiko yameongezeka kwamba "wananimaliza mafuta". Hapana, utando unatengeneza mengine. Na tone moja linasema mengi. Ukilidondosha kutoka kwenye sindano, la goti lenye afya au linalosagika linavutika kama uzi wa asali, la rumatoidi linadondoka kama maji ya bomba, kwasababu hayaluroni imekatikakatika na kuzimuliwa. Kisha tunahesabu seli nyeupe: kusagika huwa chini ya 2,000 kwa maikrolita, rumatoidi mara nyingi 2,000 mpaka 50,000, ikipita hapo tunahofia bakteria na hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Naomba nieleweke, namba peke yake haitoi jibu, na kipimo cha damu cha RF, kinachotafuta kingamwili ya rumatoidi, kikisoma pozitivu peke yake hakitoshi, hata mwenye TB kinaweza kusoma hivyo. Atakayeunganisha yote ni daktari wako.

Kwanini tunahangaika kutofautisha? Methotreksati inayotuliza rumatoidi siyo tiba ya kawaida ya kusagika. Na inamezwa mara MOJA kwa wiki, chagua siku, andika kwenye boksi, folik asidi umeze kama ulivyoandikiwa, damu na ini vipimwe kwa ratiba, mjamzito haruhusiwi. Anayeimeza kila siku kama panado anaweza kufa. Vilevile wale wa predinisoloni za dukani, inazima moto wiki mbili unajiona umepona, kumbe mfupa unaliwa.

Mwisho utaratibu wa sampuli ya hayo maji ya goti, maana hapa ndo tunagombana. Kifuniko cha zambarau ni cha kuhesabu seli, chupa tasa ni ya kuotesha bakteria, jina kwenye chupa lifanane na fomu herufi kwa herufi, tarehe na SAA ya kutoa viandikwe, na ifike maabara ndani ya saa moja ikiwezekana. Kuna ndugu alituletea kwenye chupa ya maji ya kunywa, jioni, imetolewa asubuhi. Tuliikataa akafoka sana, ila seli nyeupe zikikaa zinapasuka, hesabu inashuka, na goti la rumatoidi linasomeka kama la kusagika.