Kusoma jenomu ya kirusi: jinsi makosa ya kunakili yanavyoonyesha njia ya mlipuko

Mwanafunzi akinakili kazi ya jirani yake, mwalimu hamkamati kwa majibu sahihi, maana hayo yeyote aliyesoma angeyapata. Anamkamata kwa kosa. Wote wawili wameandika 47 palipotakiwa 74, na wote wawili wamelikosea jina lile lile kwa namna ile ile. Hapo mwalimu anajua kwamba daftari hizi zimekutana.

Kusoma jenomu ya kirusi ili kufuatilia mlipuko wa ugonjwa ni kazi ya aina hiyo. Jenomu ni maelekezo yote ya kijeni ya kirusi, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu zinazojirudia kwa mpangilio wake. Ya kirusi cha Ebola ina herufi zipatazo 19,000, na ya kirusi cha UVIKO-19 zinakaribia 30,000. Kirusi kikiingia mwilini hujinakili mara nyingi mno, na mara moja moja herufi hukosewa. Makosa mengi hayakifanyi kuwa kikali wala kipole (watu hutishwa bure na habari za “kirusi kubadilika”). Ila kosa likishaingia na kudumu, nakala zinazofuata hulirithi, nalo huhama na kirusi hadi kwa mgonjwa wa pili, wa kumi, wa mia.

Basi maabara ikisoma jenomu za sampuli nyingi na kuzilinganisha, inaweza kuzipanga kama ukoo: hizi ni za ndugu wa karibu, hizi ni za binamu, hizi zinakutana kwa babu wa mbali. Ukiongeza mahali na tarehe ya kila sampuli, mti huo wa ukoo unakuwa ramani. Na kwa kuwa makosa hujilimbikiza kwa kasi inayokadirika, kwa UVIKO-19 ikiwa ni kama herufi mbili kwa mwezi, mti unapata na saa yake. Unaweza kuhesabu kurudi nyuma na kukisia huyo babu alikuwako lini.

Mfano ulionishawishi mimi ni wa Ebola ya Afrika Magharibi. Mwaka 2014 ugonjwa ulipotoka Guinea na kuingia Sierra Leone, wagonjwa wa mwanzo waliotambuliwa walihusishwa na mazishi ya mganga mmoja wa jadi. Kwa njia ya kawaida ya kuulizana nani alikutana na nani, hadithi ingeishia hapo: msiba mmoja, chanzo kimoja. Jenomu 99 zilizosomwa kutoka kwa wagonjwa 78 zilionyesha kuwa virusi vya waombolezaji vilikuwa vya matawi mawili yaliyotoka Guinea. Zilionyesha pia kwamba mlipuko mzima ulikuwa wa ukoo mmoja. Kirusi kilikuwa kikipita kutoka mtu hadi mtu, hakikuwa kikiruka upya kutoka kwa wanyama kila mara. Hilo likijulikana, nguvu zinaelekezwa kwenye kuuguza kwa usalama na kuzika kwa usalama.

Mlipuko ulipokwisha, watafiti waliweka pamoja jenomu 1,610 kutoka Guinea, Sierra Leone na Liberia, zaidi kidogo ya asilimia 5 ya wagonjwa wote waliojulikana. Picha iliyotoka haikuwa ya moto mmoja unaosambaa nyikani. Ilikuwa ya vijimoto vingi vilivyotawanyika, vingi vikizimika vyenyewe huku vingine vikirusha cheche wilaya ya jirani. Kirusi kilipenda safari fupi na maeneo yenye watu wengi. Kilisafiri ndani ya nchi kwa urahisi zaidi kuliko kuvuka mpaka, lakini mipaka ilipokuja kufungwa kilikuwa kimeshavuka.

Zamani kazi hii ilimaanisha kusafirisha sampuli hadi maabara ya ng’ambo na kusubiri. Mwaka 2015 timu moja ilipeleka Guinea mashine inayoenea kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta. Uzi wa kijeni hupitishwa kwenye tundu dogo mno, umeme unaopita hapo hubadilika kulingana na herufi iliyomo, na kompyuta huandika. Vifaa vyote vilisafiri kama mizigo ya kawaida ya ndege, chini ya kilo 50, na majibu yaliweza kutoka ndani ya saa 24 tangu sampuli ilipopokelewa.

Kwa maoni yangu, jenomu hukanusha vizuri kuliko inavyothibitisha. Virusi vya wagonjwa wawili vikitofautiana kwa herufi nyingi, unaweza kusema kwa ujasiri kwamba hawakuambukizana juzi. Vikifanana kabisa, usiseme kwamba huyu ndiye aliyemwambukiza yule. UVIKO-19 huhama kutoka mtu hadi mtu kwa siku chache, haraka kuliko herufi zinavyokosewa, hivyo watu kadhaa mfululizo wanaweza kuwa na nakala ile ile. Huenda pia wote wawili waliambukizwa na mtu wa tatu ambaye hakupimwa. Ndiyo maana anayepita nyumba kwa nyumba akiuliza maswali bado anahitajika.

Uwezo huo wa kukanusha ulionekana Guinea mwaka 2021. Ebola ilizuka tena katika eneo la Nzérékoré, na wengi wangedhani popo ameleta kirusi kipya. Jenomu ziliposomwa, zilitofautiana na zile za mlipuko wa 2014 kwa takriban herufi 12 tu. Kama kirusi kingekuwa kikihama kutoka mtu hadi mtu kwa miaka yote hiyo, tofauti zingetarajiwa kupita 100. Saa ilikuwa karibu imesimama. Maelezo yaliyobaki yalikuwa mazito: kirusi kilikuwa kimetulia kwa miaka ndani ya mwili wa mtu aliyepona, kisha kikatoka. Jambo hilo lilihitaji kusemwa kwa uangalifu, maana waliopona walikuwa tayari wananyanyapaliwa.

Lipo tatizo jingine linalosahaulika upesi. Ramani ya jenomu huonyesha mahali palipopimwa, na pasipopimwa hubaki peupe hata kama pana wagonjwa. Nchi inayosoma sampuli nyingi itaonekana kama ndiyo chimbuko la kila kitu. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waligundua aina ya UVIKO-19 iliyokuja kuitwa Omicron, na tarehe 24 mwezi huo Afrika Kusini ikaliarifu Shirika la Afya Duniani. Ndani ya siku chache nchi nyingi zilifunga safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika. Mwisho wa mwezi Uholanzi ilirudi kwenye sampuli zake za nyuma na kuikuta Omicron ndani ya zile zilizochukuliwa tarehe 19 na 23 Novemba, kabla taarifa ya Afrika Kusini haijatoka.