Je, amplifaya ya kisanduku kimoja ni duni siku zote?

Katika makundi ya gumzo huzunguka ujumbe unaodai kwamba amplifaya ambayo sehemu yake ya kudhibiti sauti na sehemu ya nguvu zimo ndani ya kisanduku kimoja haiwezi kamwe kutoa sauti safi kama ile ya vifaa viwili vilivyotenganishwa. Dai hilo si sahihi.

Kutenganisha kuna faida halisi pale sebule inapokuwa kubwa na spika ni za omu 4 au pungufu (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; ukiwa mdogo, spika huvuta umeme mwingi zaidi), kwa kuwa kisanduku cha nguvu peke yake kina nafasi ya transfoma kubwa zaidi. Hata hivyo, spika yenye unyeti wa desibeli 88 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) hutoa kiwango hicho kwa wati 1 tu ukiwa umbali wa mita 1, na kuongeza wati maradufu huongeza desibeli 3 pekee, hivyo katika sebule ya kawaida nguvu ya ziada huleta tofauti ndogo.

Mkanganyiko huanzia dukani: kifaa kinachocheza juu kidogo, hata kwa desibeli 1, sikio hukiona bora. Anayetaka kuhakiki acheze mlio usiobadilika wa hezi 100, apime volti kwenye spika kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme), asawazishe sauti ya vifaa vyote viwili hadi volti zilingane, kisha mwenzake avibadilishe bila yeye kuona. (Bei nayo hushawishi masikio kuliko tunavyopenda kukiri.)

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze, kwani mwenye bajeti ndogo anaweza kununua vifaa viwili hafifu ilhali fedha hiyo ingempatia spika bora, ambazo ndizo hubadilisha sauti zaidi.